Shajara ya mradi: kukusanya picha za waalikwa kutoka simu za kila aina

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza

Harusi huwa na mpiga picha mmoja au wawili wa kulipwa, na ukumbi mzima wa watu wenye kamera mfukoni. Wa kulipwa anazo pete, sahihi, na ukoo uliopangwa mistari mitatu. Waalikwa wanayo yale ambayo hakuna aliyeyapanga: bibi harusi akicheka na shangazi yake nyuma ya nguzo, watoto waliojificha chini ya meza, mzee aliyesinzia katikati ya hotuba. Kesho yake picha hizo zimebaki kwenye simu za wenyewe, na maharusi wanaziona zile tu ambazo mtu alikumbuka kuwatumia.

Mimi na mwenzangu tunajenga sehemu moja ya kuzipokea zote. Kwanza tumezipima njia zilizopo, kwa sababu kama ipo inayotosha hakuna haja ya kujisumbua. Kundi la WhatsApp lina sifa moja kubwa: kila mtu tayari yumo. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na taarifa zake za ndani, pamoja na saa iliyopigwa, huondolewa. Ikitumwa kama hati (document) hufika nzima, ila ni wachache wanaofanya hivyo saa nne usiku. AirDrop ya iPhone na Quick Share ya Android, za kurushiana picha simu kwa simu, zinataka watu wawili wasimame karibu, mmoja mmoja. Albamu ya pamoja ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hushusha picha hadi pikseli 2,048 kwa upande mrefu na hugota kwenye picha na video 5,000. Google Photos humtaka mchangiaji awe na akaunti.

Njia hizo zote zinafaa kwa familia yenye simu za aina moja. Waalikwa wa harusi moja wana simu za miaka kumi tofauti, na huwezi kumchagulia mtu simu ya kuja nayo.

Sharti tulilojiwekea ni hili: hakuna programu ya kusakinisha, hakuna akaunti, hakuna nywila. Ni ukurasa ndani ya kivinjari, basi. Mwenzangu alitaka angalau jina la mwalikwa liwe la lazima. Tumelifanya la hiari, tena baada ya picha kufika, si kabla.

Mlango: msimbo wa QR

Mwalikwa anaufikia ukurasa kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye msimbo uliochapishwa. Nilidhani hapa tutapita haraka. Tumekaa.

Msimbo wa QR ulibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Ndani yake mna akiba ya kusahihisha makosa yenye ngazi nne: L hurudisha takriban asilimia 7 ya msimbo ulioharibika, M asilimia 15, Q asilimia 25, H asilimia 30. Ukitaka nembo ya maharusi katikati unaila akiba hiyo, na ukipanda ngazi ili kuifidia, vijisanduku vinaongezeka na kila kimoja kinakuwa kidogo. Kwenye kadi ya mezani, chini ya taa hafifu, vijisanduku vikubwa vina faida kuliko nembo. Tumebaki na M, bila nembo.

Kuna ujanja mdogo unaosaidia sana. Kiungo kikiandikwa kwa herufi kubwa tupu, msimbo hutumia mfumo wa herufi na tarakimu ambao hula biti 5.5 kwa herufi badala ya 8. Msimbo wa toleo la 2, wenye vijisanduku 25 kwa 25, kwa ngazi ya M hubeba herufi 38 kwa mfumo huo, lakini 26 tu kwa mfumo wa kawaida. Kiungo chetu kina herufi kama thelathini hivi. Kwa herufi ndogo kingetusukuma kwenye 29 kwa 29. Jina la tovuti halijali ukubwa wa herufi. Sehemu inayofuata baada yake tumeifundisha seva isijali pia.

Mengine ni ya mchapishaji. Pembezoni lazima pabaki nafasi tupu yenye upana wa vijisanduku vinne. Rangi iwe nyeusi au nzito juu ya nyeupe. Dhahabu juu ya krimu inapendeza kwenye kadi, na ndiyo rangi wanayoomba karibu wote, lakini kamera nyingi haziisomi gizani. Kwa ukubwa tunatumia kanuni ya mkono: mtu husoma akiwa umbali wa takriban mara kumi ya upana wa msimbo. Sentimita tatu zinatosha mezani. Kwenye bango la mlangoni hazitoshi hata kidogo.

Chini ya msimbo tunaandika kiungo kwa maandishi yanayosomeka. Kamera ya iPhone husoma QR yenyewe tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, na Android nyingi za sasa pia, lakini ukumbini huwa kuna simu za zamani, na huwa kuna mtu ambaye kioo cha kamera yake kimepasuka.

Kuchagua picha

Kitufe ni kimoja: "Chagua picha zako". Kinachotokea baada ya kukibonyeza kinategemea simu.

Android 13, iliyotoka 2022, ilileta kichagua picha kilicho wazi: gusa, gusa, gusa, maliza. Kwenye baadhi ya simu za nyuma ya hapo hufunguka kidhibiti cha mafaili, na huko ukigusa picha moja imechaguliwa hiyo moja na umerudishwa kwenye ukurasa. Kuchagua nyingi lazima ubonyeze ya kwanza na ushikilie. Tumeongeza mstari unaosema hivyo, unaoonekana tu kwa mtu aliyerudi na picha moja.

iPhone ina mambo mawili. La kwanza ni HEIC. Tangu iOS 11 ndiyo umbo la picha la kawaida la simu hizo, na faili lake ni karibu nusu ya JPEG ya picha ileile. Ukurasa ukisema unapokea JPEG tu, simu huigeuza picha kabla ya kuikabidhi. Inaonekana kama msaada, lakini picha arobaini zikigeuzwa kwa mpigo simu inapata moto, mwalikwa anasubiri, na anachokuja kutuma ni kikubwa kuliko alichokuwa nacho. Tumeamua kuipokea HEIC kama ilivyo na kutengeneza nakala ya JPEG kwenye seva. Asili inabaki.

La pili lilitushangaza zaidi. Mtu mwenye simu iliyojaa mara nyingi amewasha mpangilio wa kupunguza nafasi, na picha zake kamili ziko iCloud; simuni kuna nakala ndogo tu. Akichagua picha ishirini, simu inaanza kuzishusha kwanza, bila ukurasa wetu kuambiwa chochote. Kwake yeye sisi ndio tumeganda. Hakuna njia ya kulijua hilo kutoka kwenye kivinjari. Tulichoweza ni maandishi: baada ya sekunde chache bila faili kufika, ukurasa unasema simu huenda bado inaandaa picha.

Kupakia, yaani mradi wenyewe

Kila kitu kingine ni mapambo ya sehemu hii.

Hali ni hii: watu mia kadhaa ndani ya jengo moja wanagombea mnara mmoja. Mtandao wa simu umepangwa zaidi kwa kushusha kuliko kupandisha, kwa hiyo mtu anayetazama video bila shida anashindwa kutuma picha tatu. Wi-Fi ya ukumbi, ikiwepo, ilipangiwa mhasibu na mashine ya kadi.

Toleo la kwanza lilituma kila picha kama ombi moja. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 90, unaanza sifuri. Tumehamia kwenye vipande: faili linakatwa, kila kipande kinatumwa na nambari ya mahali kinapoanzia, na seva inakumbuka imefika wapi. Utaratibu huo upo tayari kwa jina la tus, uko wazi kwa wote, na hatukuona sababu ya kubuni wetu. Hifadhi nyingi za mtandaoni zinazofuata mtindo wa S3, hifadhi ya Amazon, zinataka kipande kisichopungua MB 5 isipokuwa cha mwisho. Kwa picha ya simu hiyo mara nyingi ni faili zima, yaani hujakata kitu. Tunapokea vipande vya MB 1 kwenye seva yetu, tunaviunganisha, ndipo tunavipeleka hifadhini.

Faili mbili kwa wakati mmoja, si zaidi. Sita kwa pamoja zilionekana za kasi ofisini. Kwenye mtandao dhaifu zote sita zinakufa nusu njia.

Halafu kuna usingizi. Mwalikwa akishabonyeza "Tuma", anafungua ujumbe mwingine au anaweka simu mfukoni. iPhone husimamisha ukurasa muda mfupi baada ya kufichwa, na kile ambacho kivinjari cha Chrome kwenye Android kinakiruhusu, yaani kuendelea kutuma baadaye nyuma ya pazia, Safari, kivinjari cha iPhone, haikiruhusu. Kuna njia ya kuiomba skrini isizime, na Safari inaikubali tangu toleo la 16.4 la mwaka 2023, lakini haimzuii mtu kuhamia kwingine. Kwa hiyo tunahifadhi mafaili yaliyochaguliwa ndani ya kivinjari chenyewe, na akirudi, hata baada ya saa mbili, yanaendelea pale yalipokatikia bila kuchagua upya. Safari hufuta hifadhi ya namna hiyo kama mtu hajaugusa ukurasa kwa siku saba za matumizi ya kivinjari. Kwetu inatosha.

Mabadiliko yaliyoleta tofauti kubwa kuliko yote ni mpangilio wa foleni. Sasa kila picha inatuma kwanza nakala ndogo ya pikseli 1,600, yenye uzito wa kilobaiti mia chache. Zikisha nakala ndogo zote ndipo zinafuata asili. Mwalikwa akiondoka mapema tuna kitu cha picha zake zote, badala ya picha mbili kamili na kumi na nane hewani.

Kwa watakaojaribu: nakala ndogo ichorwe moja kwa moja kwenye kanvasi ndogo, yaani ubao wa kuchorea ndani ya kivinjari. Safari ya iPhone, angalau katika matoleo ya zamani, ina kikomo cha pikseli 16,777,216 kwa kanvasi, na picha ya megapikseli 48 inakipita karibu mara tatu. Haileti kosa. Inaleta picha tupu. Na usome taarifa za ndani kabla ya kuchora, kwa sababu kanvasi haizihifadhi.

Tulifikiria pia kuweka kisanduku chenye seva na Wi-Fi yake ndani ya ukumbi, bila intaneti kabisa. Kwenye karatasi ni jibu zuri sana. Kwenye simu, simu inagundua Wi-Fi haina intaneti na kurudi kwenye mtandao wake, au inamwonya mwenyewe kwa ujumbe wa kutisha. Na bila cheti cha usalama kinachokubalika, nusu ya uwezo wa kivinjari tunaoutegemea unazimwa. Tumelifunga faili hilo.

Sherehe ya kwanza

Tumejaribu kwenye harusi ya watu waliokubali kuwa wa kwanza. Nilikaa meza ya nyuma kutazama, sikumfundisha mtu.

Wakati wa kuingia hakuna anayegusa kadi. Wakati wa kucheza hakuna anayegusa kadi. Msimbo unaskaniwa katika vipindi vya kusubiri: maharusi wamekwenda kupiga picha nje, waalikwa wamekaa, mazungumzo yamepoa. Tangazo la mshereheshaji likiwekwa hapo linafanya kazi. Likiwekwa mwanzoni kabisa, kama tulivyoomba, linasahaulika, maana hakuna aliye na picha bado.

Mama mmoja wa makamo aliniona nikihangaika na simu akanishika mkono. "Mwanangu, hii haitanimalizia bando?" Swali la haki kabisa, na ukurasa wetu haukuwa na jibu. Sasa kuna vitufe viwili: "Tuma nakala ndogo sasa" na "Tuma kamili". Kando ya kila kimoja imeandikwa jumla ya megabaiti. Akichagua ndogo, anapewa kiungo chake cha kuendelea nyumbani.

Kiungo hicho ndicho kilichogeuka kuwa mlango mkuu. Usiku wenyewe zinakuja picha za vijana na za watu wa meza za mbele. Siku inayofuata, watu wakiwa wamepumzika na wako kwenye Wi-Fi, wanapitia simu zao na kuchagua kwa utulivu, na zinazokuja hapo ndizo nzuri. Kwa hiyo sasa mwenye sherehe anaandaliwa ujumbe mfupi wa shukrani wenye kiungo, autume mwenyewe asubuhi kwenye kundi lake. Ukitoka kwetu watu wanaushuku.

Saa

Maharusi wanataka kuiona siku ikienda kwa mfuatano. Picha iliyofika kwetu saa tano usiku huenda ilipigwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo muda wa kufika hauna maana. Tunasoma muda wa kupigwa kutoka EXIF, yaani zile taarifa za ndani ya picha.

EXIF ya asili huandika tarehe na saa bila kusema ni ya ukanda gani. Sehemu ya tofauti ya ukanda iliongezwa mwaka 2016 katika toleo la 2.31, na si kila kifaa huijaza. Simu hujirekebisha saa kutoka mtandaoni, kwa hiyo za ukumbi mmoja zinakubaliana, isipokuwa ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege na kupiga picha kabla ya simu kuupata mtandao. Kamera nyingi za wapiga picha hazijirekebishi. Nyingine ziko nyuma dakika kumi, nyingine mwaka mzima.

Dawa ni rahisi, na ninaipenda kwa sababu haina teknolojia: mpiga picha, kabla ya kuanza, anapiga picha moja ya skrini ya simu inayoonyesha saa. Tofauti kati ya saa iliyo ndani ya picha na ile ya EXIF inajumlishwa kwenye picha zake zote.

Zilizopitia WhatsApp kwenye Android zina jina kama IMG-20240615-WA0012. Tarehe ni ya kufika kwenye simu hiyo, saa haipo. Hizo tunaziweka mwisho wa siku yake, zisubiri hatua ifuatayo.

Picha moja mara nne

Waalikwa hutumiana picha palepale mezani, halafu wote wanatutumia. Mafaili yanayofanana biti kwa biti yanakamatwa kwa SHA-256, alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili, bila mjadala. Nakala iliyopunguzwa ni faili jingine kabisa kwa kipimo hicho, ingawa jicho linaona picha ileile.

Kwa hizo tunaishusha picha kuwa vitone 9 kwa 8 vya kijivu na kuuliza, kwa kila jozi ya jirani, kipi kina mwanga zaidi. Yanapatikana majibu 64, ndiyo au hapana. Picha mbili zikitofautiana kwa majibu machache tu, ni moja. Tunabaki na yenye pikseli nyingi iwe ya juu, na ile ya WhatsApp inapata saa ya dada yake.

Tatizo ni picha za mfululizo, mtu aliyeshikilia kitufe maharusi wakiingia. Kipimo kinaziona kama moja, kumbe katika moja macho yamefumba na katika nyingine yako wazi. Hatufuti kitu. Tunazirundika pamoja, ya kwanza juu, na mwenye sherehe anafungua rundo akitaka. Mwenzangu anataka mashine ichague iliyo bora. Mimi sitaki. Picha ambayo bibi amefumba macho lakini babu anacheka haichaguliwi na kipimo cha ukali wa picha.

Nani anaona nini

Picha nyingi za simu zina mahali zilipopigwa, na za asubuhi ya harusi hupigwa nyumbani, bibi harusi akivaa. Nakala zote zinazoonyeshwa zinavuliwa taarifa za mahali. Tangu Android 10 mfumo huzificha zenyewe kwa programu isiyo na ruhusa maalumu, na iPhone humpa mtu nafasi ya kuzitoa wakati wa kuchagua, lakini hatutegemei hilo.

Skrini ya ukumbini haionyeshi picha kabla mtu hajaikubali. Mtu huyo anatoka kwa wenye sherehe, ana simu moja yenye vitufe viwili, na aliyefaa zaidi hadi sasa ni binamu asiyecheza muziki. Kila mwalikwa anaweza kufuta alichotuma, kwa kiungo chake, bila kumweleza mtu sababu. Na mzazi akitaka picha ya mwanawe iondolewe, anabonyeza "Iondolewe" chini ya picha: inafichwa mara moja, maswali baadaye.

Kukabidhi

Mwishoni maharusi wanataka kila kitu kwenye faili moja lililofungasha yote, yaani zip. Zip ya zamani hugota kwenye GB 4 na mafaili 65,535. ZIP64, toleo lake jipya zaidi, hupita hapo, ila flashi nyingi bado zina mfumo wa FAT32, nao haupokei faili linalozidi GB 4. Tunagawa kwa saa za siku, kila fungu chini ya GB 3, na hatubani chochote kwa sababu JPEG na HEIC tayari zimebanwa. Kubana tena ni kuichosha seva bure. Ndani ya kila fungu kuna folda mbili, asili na JPEG, ili picha zifunguke hata kwenye kompyuta isiyoijua HEIC.

Kinachofuata ni video. Dakika moja ya video ya 4K, ya ukali wa juu, kwa fremu 30 kwa sekunde kwenye iPhone ni kama MB 170, na kwa fremu 60 ni kama MB 400, kwa hiyo foleni ya picha haiwezi kuibeba. Kwa sasa ukurasa unapokea video ikiwa simu iko nje ya saa za sherehe tu. Ndani ya saa hizo unaiandika jina, unamwambia mwalikwa itasubiri, na unamkumbusha akifungua kiungo chake kesho yake.